Motokaa ya Jamaa Nzima



Wanafunzi wakisimama kando ya njia hapa Luvungi huwa na swali moja tu juu ya kila motokaa ipitayo: "Hii inakwenda mbio kiasi gani?" Ni swali la vijana, wala siwalaumu. Lakini baba mwenye watoto watano, na mama anayepeleka mchele Bukavu, na mtu aliye na mgonjwa nyumbani, hao huuliza jambo jingine: "Je, ikijaa watu na mizigo, itatufikisha?" Swali hili la pili ndilo ninalotaka tulichunguze juma hili. Kwa kulichunguza nimeichagua motokaa moja ya zamani ambayo niliiendesha mwenyewe katika njia zetu, nayo ni Peugeot 504 ya namna iitwayo Familiale, ile ndefu yenye safu tatu za viti.

Kwanza neno moja juu ya lugha. Sisi wa Kongo husema freni, vitesi na esansi, kwa kuwa maneno hayo tuliyapata kwa Kifaransa. Wenzetu wa Tanzania na Kenya husema breki, gia na petroli. Leo nitatumia maneno yao zaidi, ili tuelewane sote tunaosoma ukurasa huu.

Simba wa misumeno

Jamaa ya Peugeot walikuwa mafundi wa chuma huko mashariki ya Ufaransa muda mrefu kabla motokaa haijafikiriwa. Walitengeneza misumeno, na vinu vya kusagia kahawa, na tangu mwaka 1874 vinu vidogo vya pilipili manga. Hata picha ya simba, ambayo mnaiona mbele ya motokaa zao, iliandikishwa mwaka 1858 kuwa alama ya misumeno. Walitaka mnunuzi ajue kwamba meno ya msumeno wao ni imara kama meno ya simba, kwamba bapa lake hupindika bila kuvunjika kama mgongo wa simba, na kwamba hukata upesi kama simba arukapo. Basi simba huyu alianza kazi katika karakana ya seremala, hakuanza barabarani.

Tangu motokaa yao ya mwaka 1929 iliyoitwa 201, walishika desturi ya kuzipa motokaa zao tarakimu tatu zenye sifuri katikati: 203, 403, 404, 504. Desturi hiyo waliilinda kama shamba la urithi. Mwaka 1964 Wajerumani wa Porsche walikuwa wameiita motokaa yao mpya 901. Peugeot wakadai haki yao, na Porsche wakalazimika kuibadili jina kuwa 911, jina ambalo dunia nzima inalijua.

Motokaa ya 504 ilitolewa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa motokaa bora ya mwaka huko Ulaya. Hiyo ilikuwa ya kawaida, yenye viti vya watu watano. Baadaye wakatoa ndugu zake wawili warefu: Break, iliyokusudiwa kubeba mizigo, na Familiale, iliyokusudiwa kubeba jamaa nzima.

Tazameni sasa jinsi wahandisi walivyofikiri. Hawakuchukua motokaa fupi na kuibandika sanduku nyuma. Waliisogeza mbali mihimili ya magurudumu, kutoka meta 2.74 hadi meta 2.90, ili uzito wa nyuma upate msingi mpana. Urefu wote ukawa meta 4.80. Katika ile fupi iliyo bora kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, na hilo huwapa abiria raha. Katika ile ndefu waliweka mhimili mmoja mzima, ulio mgumu zaidi lakini hodari kwa mizigo, wakaukalisha juu ya springi nne badala ya mbili. Injini ya petroli wakaiacha ileile ya silinda nne, isiyofika lita mbili, nayo imelazwa upande kama mti ulioinamishwa na upepo, ili boneti iwe chini. Kwa ufupi, waliongeza nguvu ya kubeba, wala hawakuongeza mbio.

Kwa nini Afrika iliipenda

Watu wengi wa Afrika Mashariki walilijua jina la Peugeot kwa mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza mbio hizo. Zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu, na ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 zilianza 93, nazo zilizofika zilikuwa 7 tena, na washindi wakawa watu walewale wawili katika motokaa ya jina lilelile. Kati ya ushindi huo, mwaka 1966 na 1967, walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, nao pia kwa 404. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 ikashinda 504 ya namna ya Coupé iliyoendeshwa na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas.

Motokaa hizo za mbio hazikuwa Familiale, wala sitaki mtu adhani hivyo. Lakini fikirini hesabu ile: 93 zaanza, 7 zafika. Katika matope na mawe, mshindi hakuwa yule aliyeruka mbele siku ya kwanza, bali yule aliyebaki na magurudumu manne siku ya mwisho. Wafanyabiashara na wasafiri waliiona hesabu hiyo, nao wakaielewa.

Ndiyo maana 504 iliunganishwa katika nchi za Afrika zenyewe: Kaduna, Nigeria, katika kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1975, na Mombasa, Kenya, hadi mwaka 2004. Huko Kenya zile ndefu zilikuwa motokaa za abiria wa safari za mbali, kutoka Nairobi kwenda Nakuru na kwenda Kisumu. Wazee wa huko wakizitaja hutabasamu kwanza, kisha hutikisa kichwa. Kwa maana zilijulikana kwa kufika upesi, na nyingine zilijulikana kwa kutofika kabisa. Jambo hilo nitalirudia.

Uwandani

Mwaka 2018, wakati wa likizo ya kiangazi, mzee mmoja wa hapa Luvungi, karani mstaafu, aliniomba nimwendeshee Familiale yake kwa majuma machache, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kushindwa na jua na vumbi. Alinipa ufunguo akaipigapiga boneti kwa kiganja.

"Mwalimu," akasema, "usukani ni wako. Lakini atakayekuambia yawezekana au haiwezekani ni huyu."

Wale wasiojua nchi yetu wafahamu kwamba Luvungi iko katika uwanda wa mto Ruzizi, mto uletao maji ya ziwa Kivu katika ziwa Tanganyika. Ukielekea kusini, mto na milima ya Burundi viko mkono wa kushoto, na milima yetu mirefu iko mkono wa kuume. Utapita Bwegera, Luberizi, Sange na Kiliba, kisha utafika Uvira. Ukielekea kaskazini utafika Kamanyola, na kutoka hapo njia ya kwenda Bukavu kwa upande wetu wa Kongo hupanda mlima wa Ngomo. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha meta 770 hivi, na ziwa Kivu meta 1,460. Kwa hiyo kila mtu aendaye Bukavu kutoka kwetu anapanda ngazi kubwa, na kila arudiye anaishuka.

Nilianza na uwanda, nikiwa peke yangu na mzee, bila mzigo. Kiti ni kipana na laini kama kiti cha sebuleni kilichozoea wageni. Usukani ni mkubwa, mwembamba, mzito motokaa isimamapo na mwepesi iendapo. Mkono wa gia hauko sakafuni. Uko kwenye nguzo ya usukani, chini ya vidole vya mkono wa kuume, na kwa siku mbili za kwanza mkono wangu ulikuwa ukiutafuta mahali usipokuwapo. Klachi ni nyepesi. Injini haina kelele ya kujigamba. Huguna tu kama mtu apandaye ngazi huku akihesabu vidato.

Ukikanyaga petroli, usitazamie muujiza. Huongeza mwendo polepole. Katika kona hulala upande kama mtumbwi uliopigwa na wimbi, na mgeni huogopa. Lakini magurudumu hayaiachi ardhi, na baada ya kona mbili hofu huisha. Mahali palipokuwa na mashimo, sehemu ya mbele ilipita kwa upole ambao sikuutarajia kwa motokaa ya umri ule.

Sehemu ya nyuma, hata hivyo, ilinishangaza. Mahali ambapo njia ilikuwa imekunjamana kama mabati ya nyumba, mkia wa motokaa uliruka-ruka na kuhama upande, nami nililazimika kupunguza mwendo. Nikamwuliza mzee kama springi zimekufa.

"Hazijafa," akajibu. "Hazina kazi. Ngoja tuzipe watu."

Siku ya tatu tulipakia: watu saba pamoja nami, na vikapu vyao. Motokaa ikashuka kidogo, ikatulia. Njia ileile, makunyanzi yaleyale, na mkia haukuruka tena. Springi nne zile zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya uzito, na bila uzito zilikuwa kama watu hodari waliokosa jembe. Kwa nusu saa nzima nilisikia maongezi ya abiria wa safu ya tatu bila wao kupaza sauti. Hapo nikaelewa kwamba anayeijaribu Familiale tupu hajaijaribu bado.

Mlima wa Ngomo

Lakini uwanda hausemi yote. Kipimo cha kweli cha motokaa ya jamaa ni mlima, hasa mlima wenye njia nyembamba na korongo kando. Miaka ile wasafiri wengi waliopenda usalama waliukwepa Ngomo wakipita njia ya lami upande wa Rwanda. Wengine, kwa sababu ya karatasi au ya fedha, walipita Ngomo. Sisi tulipita Ngomo.

Kupanda si kazi ya haraka. Gia ya pili, mara nyingi ya kwanza, na jicho moja katika saa ya joto la maji. Tukifika penye nafasi, mzee aliagiza tusimame ili injini ipumue. Lakini kupanda hakuogopeshi sana, kwa kuwa motokaa ikishindwa kupanda husimama. Ikishindwa kushuka haisimami.

Wanafunzi, chukueni kalamu, tufanye hesabu ndogo. Tuseme motokaa pamoja na watu wake ina tani 2, nayo inashuka kimo cha meta 500. Nguvu yote ile ya uzito lazima iende mahali. Dereva akishuka kwa breki peke yake, karibu yote hugeuka kuwa joto katika breki; na joto hilo latosha kuchemsha lita 29 hivi za maji baridi, yaani ndoo kubwa na nusu. Sasa fikirini ndoo na nusu ya maji yanayochemka, joto lake lote likusanywe katika vipande vichache vya chuma karibu na magurudumu. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika. Majimaji ndani ya mabomba yake yakichemka, kanyagio huzama mpaka sakafuni na motokaa huendelea kwenda.

Dawa yake wazee wa njia waliijua kabla ya vitabu: gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Injini ikishikwa na gia ya chini huizuia motokaa yenyewe, na breki hubaki akiba ya saa ya hatari. Katika kazi hii Familiale ni mwaminifu. Nilishuka Ngomo kwa gia ya pili, injini ikilalamika, mguu wangu ukigusa breki kwa vipindi tu. Chini, karibu na Kamanyola, mzee alishuka akasogeza kiganja karibu na gurudumu la mbele bila kuligusa, kama mama anavyopima joto la uji. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapanda tena.

Watu saba

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Asubuhi moja tulikuwa tayari kwenda Bukavu. Mimi nilikuwa kwenye usukani, mzee ubavuni mwangu, na nyuma yetu abiria watano: wote saba. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa na magunia manne ya mchele, mawili nyuma ya kiti na mawili juu ya paa. Hapo akaja mama kijana mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, mtoto aliyelegea shingo kwa homa, naye ameambiwa ampeleke hospitali ya Bukavu siku ileile.

Watu wetu wana huruma. Wote walisema mara moja, "Tubanane tu! Ingia, mama!" Mmoja akasema hata kumi huingia, ameona. Na ni kweli, wameona. Sote tumeona motokaa za namna hii zimebeba watu kumi, kumi na wawili, na kijana mmoja amening'inia mlangoni.

Mzee akashuka, akasimama mbele ya mlango. "Mama ataingia," akasema, "na mtoto ataingia. Basi mmoja wetu atashuka, na magunia ya juu yatashuka."

Manung'uniko yakaanza. Mama mfanyabiashara akasema, "Baba, mchele huu nimekopa fedha kuununua. Ukibaki leo, nani atanilipia?" Sauti yake haikuwa ya ukaidi, ilikuwa ya mtu anayehesabu ada za shule kichwani.

"Dada yangu," mzee akajibu, "utalala ghalani kwangu bila malipo, na kesho kutwa utakwenda kwanza kabla ya mzigo wowote. Lakini mlima haujui deni lako, wala haujui ugonjwa wa mtoto huyu. Unajua uzito tu."

Kijana mmoja mwanafunzi akashuka bila kuambiwa, akamsaidia mzee kufungua kamba za paa. Mzee akamrudishia nauli yake yote mbele ya watu. Tukaondoka tukiwa saba, na mtoto mapajani mwa mama yake.

Katikati ya Ngomo, mahali pembamba, tulikutana na lori linaloshuka. Ilibidi tusimame juu ya mteremko mkali, turudi nyuma meta kadhaa kwa upole, tusubiri lipite, kisha tuanze tena kupanda kutoka kusimama. Breki ya mkono ilishika. Injini ilitetemeka, magurudumu yakatupa changarawe mara mbili, kisha tukaenda. Hakuna aliyesema neno. Nadhani kila mmoja alikuwa akiyahesabu moyoni yale magunia mawili na wale watu watatu zaidi ambao tungaliwachukua. Mtoto alifikishwa hospitalini kabla ya adhuhuri kupita.

Kwa nini saba, si kumi? Si amri tu. Watu watatu wa ziada, wenye kilo 60 kila mmoja, ni kilo 180. Uzito huo ukikaa nyuma ya mhimili, motokaa hufanya kama mtumbwi ambao watu wote wameketi tezini: mbele huinuka. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza na ndiyo yenye sehemu kubwa ya breki, huishika ardhi kwa wepesi. Usukani hugeuka, motokaa haigeuki upesi. Tairi za nyuma nazo hupinda ubavu, hupata moto, na hupasuka. Na mizigo ikiwa juu ya paa, ule ulalaji wa kona niliousifu kuwa hauna hatari huwa na hatari kweli.

Yule mzee alikuwa na katazo jingine: hakukubali kamwe bidoni ya esansi ndani pamoja na abiria, hata moja, hata kwa rafiki. Sisi wa uwanda huu hatuhitaji kuelezwa sababu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika njia yetu hiihii. Watu wakaja kuteka petroli iliyomwagika, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakitazama mchezo wa Kombe la Dunia katika vibanda vya jirani. Hao hawakuwa wamepanda lori. Wala hawakuwa wakisafiri. Mzigo na mwendo wa motokaa si habari ya mwenye motokaa peke yake.

Kenya nao walijifunza kwa machozi. Mwaka 2004 serikali yao iliyalazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda ya viti kwa kila abiria, na vyombo vya kuzuia mwendo kupita kilometa 80 kwa saa. Wengi walilia kwamba biashara itakufa. Lakini kiti chenye mkanda wake kinajieleza chenyewe: mtu mmoja, mahali pamoja.

Kasoro zake

Ningekuwa mwongo kama ningeisifu tu. Familiale ni motokaa ya karne iliyopita. Haina mifuko ya hewa ya kumkinga mtu katika mgongano. Nyingi zilizobaki hazina mikanda katika safu za nyuma, au inayo ambayo haifungi. Safu ya tatu iko karibu mno na mlango wa nyuma, na hapo ndipo watoto hupenda kukaa ili watazame njia inayokimbia. Mimi ningependa wakae katikati. Petroli hunywa bila aibu ikipanda. Vumbi huingia kwa nyuma hata ufunge vipi. Kutu huila chini, mahali usipopaona.

Lakini ina wema mmoja ambao motokaa nyingi mpya hazina: fundi mwenye akili na vifaa vya kawaida anaweza kuielewa. Yule mzee alikuwa na daftari ambamo aliandika kila badiliko la oili, kila tairi na tarehe yake, kwa mwandiko wa ukarani. Motokaa yake haikudumu kwa bahati. Ilidumu kwa daftari lile.

Mashauri

Mwaka 2025 vita vilishuka tena katika uwanda wetu, na safari nyingi za namna hii zikakatika. Kila mara njia ifungukapo baada ya kufungwa, watu huwa wengi na motokaa huwa chache, na hapo ndipo vishawishi vya kubanana huzidi. Kwa hiyo nayaandika mashauri haya, msomaji uyakate na kuyatunza.

Kwanza, kabla ya kuuliza nauli, hesabu viti. Kama watu wamezidi viti, subiri nyingine.

Pili, mizigo mizito iwe chini, mbele ya mhimili wa nyuma, wala isiwe juu ya paa.

Tatu, tairi zipimwe upepo asubuhi zikiwa baridi, na motokaa ikijaa, upepo wa nyuma uongezwe kadiri kitabu chake kinavyoagiza.

Nne, mlimani shuka kwa gia uliyopandia, tena uiingize kabla ya mteremko, si katikati yake.

Tano, petroli isikae pamoja na watu.

Sita, abiria asinyamaze. Dereva akipita kiasi, mwambie kwa heshima: "Baba, tuna watoto." Asipokusikia, shuka penye watu. Utachelewa siku moja.

Na ninyi wazazi mnaotafuta motokaa kuukuu ya jamaa, muuzaji atataka kuwaonyesha mwendo wake kwenye lami, mkiwa wawili tu. Mwambieni asubiri. Waiteni watoto, mwiteni bibi, pakieni ndizi na maji, kisha panda nayo kilima kilicho karibu na kushuka. Halafu sogeza kiganja karibu na gurudumu, uone joto lake.